Chupa Arobaini za Maji ya Udongo

Pale maabara walimwita Mama Chujio, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuloweka udongo, kuchuja maji yake na kuyapima. Hakuwahi kuharibu kitu. Ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi, alipokuta mlango wa friji umeachia upana wa kidole, aliuvuta haraka akaanza kukagua chupa.

Chupa arobaini! Ijumaa maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, rangi ya majani na mizizi iliyooza ikayeyuka. Sasa mengi yalikuwa na ukungu, na alipofungua moja, harufu ilimpiga puani. Alijua kilichotokea. Vijidudu vya udongo, ambavyo baridi huvituliza, vilikuwa vimeshinda siku tatu vikila kile kilichoyeyuka.

Nani ameona? Hakuna. Angefunga mlango, apime, aandike, basi. Lakini namba zingekuwa za uongo, na Daktari, mkuu wake, angewapelekea wakulima. Na akisema ukweli? Angefukuzwa kazi, na dada yake mgonjwa hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

"Mama, mbona umeganda hapo?" Daktari alikuwa ameshaingia.

"Nimeharibu. Friji sikuifunga vizuri. Zote zimekwenda."

Daktari hakufoka, afadhali angefoka. Aliinua chupa moja moja kwenye mwanga.

"Zipime hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Barua yako utaikuta mezani."

Mama Chujio alipima siku mbili. Akalinganisha na zile chache alizokuwa amezipima Ijumaa. Maji ya udongo wa bustani iliyotiwa samadi yalikuwa yamepoteza zaidi ya nusu ya kilichoyeyuka ndani yake. Ya shamba lililochoka, kidogo tu. Tena ya bustani yalikuwa na vitu visivyokuwamo mwanzo: vijidudu vilikula, vikazaana, vikafa, vikaacha masalia yao.

"Kumbe kila udongo unalea walaji wake," Daktari alinong'ona juu ya karatasi, "nao wanakigeuza kile kilichoyeyuka ndani yake."

Barua ilikuwa ya onyo, si ya kufukuzwa. Mama Chujio aliisomea chooni, komeo limefungwa, akalia.

Wiki iliyofuata Daktari alimletea udongo mpya. "Safari hii nusu ya chupa ziache kwenye joto makusudi."

"Sawa, Daktari," alijibu. "Ila naomba uniandikie agizo hilo, na utie sahihi."