Salamu Zilizobaki Ipogolo

Pasipoti yangu ya kwanza ina wiki tatu, na mpaka leo alasiri ilikuwa imelala chini ya godoro, imefungwa ndani ya leso. Nataka kwenda Makka kwa umra. Ni safari yangu ya kwanza nje ya nchi, na nina njia mbili za kuipanga: nimkabidhi kila kitu wakala mwenye ofisi karibu na soko hapa Iringa mjini, au nijipangie mwenyewe kwa simu, tiketi, hoteli na viza, kama anavyonishauri mtoto wa dada yangu. Kwa wakala nimekwenda mara nne, na mara zote nne nimerudi na pasipoti yangu. Ni kijana nadhifu, anajibu maswali yote, ila anatabasamu kabla sijamsalimia, na mtu wa namna hiyo mimi simwamini. Mambo ya kwenye simu nayo siyaamini, maana kila chumba cha hoteli kimepigwa picha na mtu aliyejibana kwenye kona ili kionekane kikubwa. Mtoto wa dada amechoka na mimi. "Mama mdogo," aliniambia juzi, "wewe hata kioo unakishuku."

Usinicheke, rafiki yangu. Ugonjwa huu nimeurithi kwa bibi mzaa mama, aliyenilea mtaa wa Kihesa, na tena nimeurithi pamoja na deni lake ambalo si la fedha. Ngoja nikusimulie.

Baba yake bibi alikuja huku juu kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akajenga, akazikwa huku huku. Nyumba aliyomwachia bibi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imesimama peke yake katikati ya uwanja, na jiko lilikuwa nje. Asubuhi za Juni ukungu uliingia mpaka jikoni. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa na kuchambua maharage, huku bibi akikaanga maandazi ya hiliki, shuka limemfunika mabega na miguu ameiweka karibu na jiko. Harufu ile ya hiliki na moshi nikiipata leo popote, nasimama.

Bibi alimshuku kila mtu, na hakuona haya. Sukari ya dukani aliipima upya nyumbani kwa kikombe chake. Mayai aliyatumbukiza kwenye maji kabla ya kumlipa muuzaji. Fundi cherehani alikata kitambaa mbele ya macho yake, la sivyo hakikatwi. Mwenyewe alisema hana ugomvi na mtu, yeye anahakikisha tu.

Aliyeshukiwa kuliko wote alikuwa jirani yetu wa upande wa bondeni, mama wa Kihehe aliyegema pombe ya ulanzi kwenye mianzi yake na kufuga nguruwe wawili. Mchi wa kinu chetu ulipotea siku moja baada ya jirani huyo kuja kuomba kaa la moto, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani bila mchi kutajwa. Kila msimu wa mapichi alituletea beseni limejaa, mekundu, yana umande wa asubuhi. Bibi alishukuru vizuri sana, kisha akayaosha kwa maji ya moto mara mbili.

Nilipokuwa na miaka tisa, bibi aliamua kwenda kuhiji. Na yeye alikuwa na njia mbili. Maalimu wa madrasa yetu alikuwa anakusanya kundi lake, lakini kila mwaka kundi lilikuwa la mwakani. Kisha akaja wakala kutoka Mbeya, mwanamume mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa, anayeandikisha mahujaji wa nyanda zote za juu. Mkoba wake wa ngozi ulijaa makaratasi upande mmoja na biskuti za glukosi upande wa pili, na kila nyumba yenye mtoto aliacha pakiti. Zangu bibi alizivunja vunja kwanza azikague. Wakala mwenyewe bibi alimwekea kahawa chungu isiyo na chembe ya sukari, akakaa kumtazama. Alinieleza baadaye kwamba tapeli angeisifu. Wakala alionja, akakunja uso, akaomba sukari. Wiki ile ile bibi akampa pasipoti.

Basi nyumba ikawa ya safari. Fundi alishona nguo nyeupe, bibi akisimamia mkasi. Begi lilifungwa utepe mwekundu ili asibadilishiwe uwanja wa ndege. Na kila siku baada ya alasiri tulifanya mazoezi ya kutufu, yaani kuizunguka Kaaba: tuliizunguka nyumba mara saba, bibi mbele, mimi nyuma nikihesabu kwa punje za mahindi, kuku wakitupisha. Nilifurahi sana siku hizo. Nilidhani ni mchezo tuliotungiwa sisi wawili.

Furaha iliniisha zilipoanza ziara za radhi. Kwetu, anayekwenda kuhiji hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, asije akaondoka na kinyongo cha mtu. Bibi alinishika mkono tukapita Kihesa yote. Kwa kila mlango maneno yalikuwa yale yale: "Nimekukosea nikijua na nisipojua. Niwie radhi." Wanawake walilia, wakamkumbatia kama mtu wa kuzikwa. Kwa jirani wa ulanzi alisimama muda mrefu kabla ya kupiga hodi.

"Kamwene, dada," jirani akaitikia kwa salamu ya Kihehe, akafuta kigoda kwa upindo wa kitenge.

Bibi hakukaa. "Nimekushuku miaka yote hii kwamba umechukua mchi wangu. Niwie radhi."

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nilikuwa najua, dada. Ndo maana mapichi nakuleteaga yale mazuri mazuri."

Njiani nilimuuliza bibi kwa nini watu wanalia. Akasema, kwa sababu wengine huenda na wasirudi, hufia huko, nao hubahatika. Nikamuuliza yeye kama atarudi. "Mungu akipenda," akasema. Nami nililijua jibu hilo. Nilipoomba viatu vyenye kisigino nilijibiwa Mungu akipenda. Nilipoomba kupelekwa Mbeya kwa shangazi nilijibiwa hivyo hivyo. Viatu sikuviona, na Mbeya nilifika nikiwa mtu mzima. Kwa hesabu yangu ya kitoto, bibi alikuwa amenijibu kwamba harudi.

Wakati wa likizo jirani aliniomba nimsaidie kuuza mapichi Ipogolo, kwenye kituo cha mabasi chini ya mji. Tulishuka asubuhi. Kule chini joto lilitupokea, nikavua sweta nikalifunga kiunoni, tukawa tunanyanyua mabakuli madirishani. Hapo ndipo nilipomwona wakala. Viatu vinavyong'aa hakuvaa, alivaa kandambili, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na ule mkoba ameubana kwapani. Alikuwa anapanda basi la Dar es Salaam. Aliponiona alinyoosha mkono dirishani, akanipa pakiti ya biskuti.

"Msalimie bibi," akasema. "Mwambie nakwenda Dar kufuatilia viza zao. Mambo yote yanakwenda vizuri."

Biskuti nilizila zote njiani. Jioni, bibi akichambua mchele, nilimweleza: nimemwona wakala Ipogolo, hana viatu vyake, kofia imemfunika macho, mkoba kwapani, anatoroka. Neno la mwisho tu ndilo nililoliongeza. Salamu sikuzitoa.

Bibi aliweka ungo chini. Alinitazama, akanipangusa kifua cha sweta kwa kiganja, taratibu, akaniambia nikanawe mikono. Kesho yake mjomba alitumwa Dar akaichukue pasipoti ya mama yake. Alirudi nayo siku ya tatu, na fedha zote alizolipa bibi, akiwa amekasirika, maana wakala alimpokea vizuri. Jina la bibi likafutwa. Kundi likaondoka. Gari lao lilipita barabarani kwetu, bibi akasimama mlangoni akalipungia leso, na mimi niliyekuwa nimeshika nguo yake nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Wote walirudi salama, hakufa hata mmoja. Kihesa ikamcheka bibi kwa kumshuku mtu mwema. Na mtu mwema mwenyewe akaja nyumbani, na viatu vyake, amembebea chupa ndogo ya maji ya zamzam na tende. Nilikuwa nimewaletea kahawa.

"Bibi, salamu zangu nilizomtuma mjukuu wako hazikukufikia?" akauliza.

Bibi alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Zilinifikia," akasema. "Ni mimi tu na moyo wangu."

Hakuniuliza kitu siku ile, wala mwaka uliofuata alipoanza kulalamika magoti, wala miaka yote aliyokaa kitako kwenye mkeka akihadithiwa Makka na wenzake. Mara nyingi nilitaka kumwomba radhi. Nilisema kesho, akafariki nikiwa chuo. Tangu hapo nawashuku watu, na nafikiri sababu ni hiyo: namjua mtoto mmoja aliyesema kweli tupu isipokuwa neno moja, na mtu mzima akakosa safari yake.

Sasa nami ni msafiri, na radhi lazima niombe. Wiki hii nimepita Kihesa. Si ile. Milango mingi inafunguliwa na wapangaji wasionijua, wananisamehe kwa adabu makosa ambayo sijawatendea. Nyumba ya bibi haizungukiki tena, ubavu mmoja umejengewa fremu za maduka na mwingine umegandana na ukuta wa watu. Nilijaribu, nikaishia kwenye mlango wa kinyozi. Mianzi ya bondeni imekatwa, na mipichi umebaki mti mmoja, nyumbani kwa jirani yule wa ulanzi, ambaye bado yu hai. Ni kikongwe, haoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua.

Nilikaa kwenye kigoda kile kile. Nikamwambia yote, kwamba radhi yake naomba, ila ninayoitaka hasa ni ya bibi, na nimechelewa. Nikamweleza kuhusu salamu.

"Zile salamu," akasema, "na mimi nilizisikia. Nilikuwa pale pale na beseni langu."

Nikageuka kumtazama.

"Asubuhi yake nikapanda kwa bibi yako. Mjomba wako hajaondoka bado. Nikamwambia, dada, yule mtu ametuma salamu, anafuatilia viza. Akanambia anajua. Alisema mtoto karudi na unga wa biskuti kwenye sweta, na hapa Kihesa biskuti zile nani anazo?"

"Sasa mbona hakwenda, mama?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, radhi ya Kihesa nzima ninayo, ya huyu mtoto sina. Alisema atangoja mwakani, utakuwa umekua kidogo, wewe mwenyewe utamwachia aende." Jirani akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Akanikataza kukwambia. Mimi nimekaa nayo, basi. Alikuwa ananiamini."

Nililia pale, na sikuona haya. Mwanamke aliyeuchunguza mpaka mkasi wa fundi alikubali mji mzima umwone mjinga, na mwakani yake haikuja.

Nilirudi nyumbani, nikainua godoro, nikaifungua leso. Nilifika kwa wakala kabla hajafunga ofisi. Alitabasamu kabla sijamsalimia. Nikampa pasipoti.