Pale Patupu Ukutani kwa Bibi Subilaga

Nakumbuka vizuri, mwanangu, kile kiangazi nilipomtendea mtu wema ambao mpaka leo, mvi zimejaa kichwani, bado unaniuma. Nimekikumbuka kwa sababu juzi ulikuja hapa na wenzako, mmebeba makopo ya rangi ya kupuliza, mkaniomba ukuta wangu mchore. Nikasema nitawajibu. Basi kaa hapo. Jibu lenyewe ni refu kidogo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi mwashi, nimetoka Kinyala kutafuta maisha mjini. Nikapanga chumba cha uani kwa Bibi Subilaga, hapa hapa Bagamoyo. Siyo ile ya pwani mnayoisoma shuleni. Nasema hii yetu ya Tukuyu, yenye baridi na tope. Mtaa ulikuwa unabadilika tukiuangalia. Migomba inakatwa, maduka ya matofali yanapanda, mabati mapya yanang'aa. Katikati ya hayo yote nyumba ya Bibi ilibaki na kuta zake za mianzi iliyokandikwa udongo, na ukuta wa mbele ulikuwa umechorwa wote, toka chini hadi kwenye paa, kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi ya jikoni. Kila kiangazi Bibi na majirani waliipitia michoro ile upya.

Michoro yenyewe haikufanana. Chini ya dirisha palikuwa kama mkeka, juu yake kama wavu, kule pembeni madoa na mistari ambayo sikuijua mwanzo wala mwisho wake. Na karibu na mlango palikuwa na mahali patupu, ukubwa wa ungo, ambapo hapakuchorwa kitu kamwe. Majirani walichora kulia, wakachora kushoto, pale wakaparuka.

Kila asubuhi nikienda kazini nilipaangalia. Kwa nini pale? Nikajijibu mwenyewe: labda udongo uliwaishia, labda mikono ya bibi imechoka. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi nilikuwa fundi bwana, na fundi niliyemjua mimi haulizi mtu habari za ukuta.

Bibi alinipenda. Nikichelewa kurudi nilikuta sahani yangu ya ndizi na maharage imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikawa natafuta namna ya kumlipa fadhila. Lakini nisikudanganye, mwanangu, kulikuwa na jambo jingine. Kazini wenzangu walinitania, "Fundi wa saruji analala kwenye tope!" Walicheka nami nikacheka, ila moyoni nilichomwa.

Basi binti yake Bibi akajifungua kule Kiwira, na Bibi akaenda kumlea mzazi. Siku hizo hizo tajiri niliyemjengea duka akanipa saruji iliyobaki. Nikaona Mungu kanifungulia njia. Nikapigilia misumari ukutani, nikamwagia maji, nikapiga lipu ukuta wote. Siku mbili tu. Ulinyooka, ukawa laini, nikarudi nyuma hatua tano kuutazama. Nilijisikia mtu.

Wa kwanza kupita alikuwa nesi aliyeishi nyumba ya pili, Mwanahamisi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa hospitali ya huku. Akasimama.

"Salaale! Nani kaufunika ukuta?"

"Mimi, dada. Nataka Bibi akirudi afurahi."

Hakunisifu. Alisogea chini ya dirisha, akaweka kiganja kwenye saruji mbichi, akaenda zake bila kuaga. Nikasema moyoni, watu wengine hawapendi maendeleo.

Bibi alirudi wiki mbili baadaye. Nilimpokea mzigo, nikamsogeza mbele ya ukuta, nikangoja shukrani. Aliutazama toka chini hadi kwenye paa. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kanga yake nzuri ya safari.

"Umejichosha sana, tata," akasema. Kwetu mzee akikuita baba kwa sauti ile, ujue umekosea. "Njoo nikuoneshe ulichokifunika."

Akaanza kunyoosha kidole kwenye saruji tupu, kama anayesoma. Hapa chini ya dirisha, mkeka wa Mwanahamisi, alivyousuka bibi yake kule Tanga. Hapa juu, wavu wa askari mmoja wa Ukerewe, alihamishwa zamani. Hapa, alama za vibuyu vya maziwa, za mwalimu wa Singida aliyefia huku huku. Na hapa, mistari ya marehemu mumewe. Kidole chake kilikawia hapo, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Kila aliyehamia mtaa huu," akasema, "siku moja alisimama hapa akaniuliza, 'Bibi, hii ni nini?' Aliyeuliza nilimpa udongo, nikamwambia achore cha kwao. Sikumwita mtu. Mtaa wetu wote ulikuwa humu."

Ndipo nikauliza swali nililolibeba tangu nilipohamia.

"Na pale patupu, karibu na mlango?"

"Pale ni pako," akasema. "Mwaka wa pili huu nasubiri uulize."

Mwanangu, nimeshapigwa na watu, nimeshaanguka toka juu ya paa. Hakuna kilichoniuma kama lile.

Kesho yake nikachukua tindo na nyundo ili nibandue saruji yangu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Saruji ilipotoka ilitoka na ngozi ya udongo, na michoro ikawa imeng'ang'ania nyuma ya saruji, imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Vipande vingi vilivunjika mikononi. Wavu ukawa vumbi. Mistari ya marehemu haikubaki. Kipande cha mkeka kilitoka kizima, nikampelekea Mwanahamisi kwa mikono miwili. Alikipokea, akaniambia, "Ungeniuliza tu, ningekueleza." Alipohamishwa, aliondoka nacho.

Kipande cha karibu na mlango nacho kilitoka kizima. Kilikuwa hakina kitu. Bibi akakifuta vumbi kwa kanga, akanipa.

"Hiki ndicho chako. Sasa chora."

"Nichore nini, Bibi?"

"Cha kwenu. Usichague kizuri. Chora kinachokujia chenyewe."

Nilichora matuta ya maharage ya mama yangu yanavyoshuka mlimani kule Kinyala. Yalipinda vibaya, Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini ukuta haukurudi. Nilikuwa nimeshautikisa, na mvua ya huku Rungwe haina huruma na udongo uliojeruhiwa. Masika yale ulilala. Nikamjengea mwingine wa matofali kwa mikono yangu. Kiangazi kilichofuata alijaribu kuuchora, mvua ya kwanza ikaosha kila kitu. Hakujaribu tena, na majirani hawakukusanyika tena. Alifariki bila ukuta wake. Nalisema wazi kwa sababu nyinyi vijana mnapenda hadithi ziishe vizuri.

Sasa nakujibu. Sikukatazi kupaka rangi. Mtaa hubadilika, na hata ule ukuta wa Bibi kuna siku ulikuwa mpya, na nina hakika kuna mzee aliyeguna. Ila kipya kinyemi ingawa kidonda. Kabla hujafunika kitu, iwe ni kibao cha duka kilichoandikwa kwa mkono, iwe ni nyumba, iwe ni ngoma ya wazee wako, uliza nani yumo ndani yake. Usijijibu mwenyewe kama nilivyojijibu mimi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Juzi mlipoomba huu ukuta wangu wa udongo, mliona yale matuta yaliyopinda, niliyoyachora tena hapa, na michoro ya wapangaji wangu kandokando, na pale patupu karibu na mlango. Hakuna aliyeuliza ni pa nini. Nikanyamaza, kama Bibi. Usiku sikulala vizuri. Maana nimekuja kutambua kwamba na yeye alikosea kidogo: alisubiri mno. Kijana asiyeuliza ana kosa, na mzee anayekaa kimya akimtazama naye ana lake. Mimi sisubiri. Pale ni pako.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioona haya kuuliza. Akupe majirani wa kutoka mbali, nao wakuachie cha kwao. Na utakapozeeka, uwe na ukuta wenye nafasi.

Udongo mweupe nimeshauloweka. Uko kwenye ile ndoo nyuma yako.