Siku Thobias Alipovuka Uwanja

Mimi Paskalia sikuuelewa ule mchezo hata siku moja, nawaambia mapema ili mtu asije akaniuliza mbele ya safari. Mtoto anapewa rungu. Mwenzake anamtupia mpira wa ngozi. Akiupiga, anabwaga rungu, anakimbia mpaka gunia la kwanza, la pili, la tatu, halafu anarudi palepale alipotoka, na watu wanashangilia. Kwetu mtu akirudi palepale alipotoka tunamuuliza amesahau nini. Lakini kaka yangu Thobias aliupenda, na kwa ajili yake nilikaa pembeni mwa uwanja na beseni langu la maandazi, nikishangilia nisichokijua.

Thobias alikuwa fundi wa magogo pale mgodini Geita, mmoja wa wale wanaoshuka na miti kuegemeza dari ya shimo isiwaangukie wachimbaji. Alikuwa na mke, Klara, na mtoto mmoja tu, Mihayo. Huyo Mihayo alizaliwa wa mkono wa kushoto. Kurusha jiwe kushoto, kushika kijiko kushoto, kukupa mkono wa salamu kushoto, mpaka unaona aibu kwa wageni. Thobias akamfanyia kama baba yetu alivyowafanyia watoto wa namna hiyo: wakati wa kula alimfunga ule mkono kiunoni kwa kamba ya katani, ale kwa kulia kama watu. Mtoto akilia, Thobias anasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, anaendelea kumega ugali. Hakuna aliyemwona mbaya. Hata mimi niliona ni malezi.

Kisha surua ikapita kambini, ikamchukua Mihayo. Klara hakuweza kuiangalia tena ile nyumba, akarudi kwao Kharumwa. Na Thobias akanyamaza. Sisemi alihuzunika, maana mtu mwenye huzuni hulia, ukampa maji, ukamfariji, yakaisha. Huyu hakutoa hata chozi. Anakwenda kazini, anarudi, anakula nilichompelekea, anageukia ukuta. Jina la mtoto halikumtoka mdomoni tena. Ile kamba ya katani ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari karibu na jiko, na siku nilipotaka kuitoa alinishika mkono, akaniangalia tu. Niliogopa, jamani. Nilijiona nitazika wawili.

Ndipo akatokea padri mmoja Mwamerika, mrefu, miguu imejaa gari. Alikuja na rungu lililochongwa vizuri, mpira, na mfuko wa ngozi wa kudakia. Mwenyewe aliuita mchezo wake softboli. Sisi tukauita mpira wa rungu. Akakusanya watoto wa kota za mgodi, wavulana kwa wasichana, akafyekesha kiwanja nyuma ya nyumba zetu. Alitaka mtu mzima wa kubaki nao yeye akiwa safarini, akamshika bega Thobias aliyekuwa anapita zake. Kwa nini yeye? Sijui. Labda kwa sababu hakukataa, na mtu aliyenyamaza huonekana amekubali.

Haukupita muda padri akahamishwa, na nusu ya sheria akaondoka nazo. Thobias akabaki na rungu, mpira na watoto. Alifundisha alichokumbuka, na asichokumbuka waliamua pamoja. Halipwi hata punje ya chumvi. Anatoka shimoni na vumbi lake kichwani, moja kwa moja uwanjani, na huko nikaanza kumsikia akiongea. Kiwiko juu. Macho kwenye mpira. Usikimbie kama mbuzi aliyekatika kamba. Jioni akawa ananieleza nani leo kapiga vizuri na nani kadakia kwa tumbo, na siku moja alicheka mpaka akakohoa. Nilikwenda nje nikalia kwa furaha peke yangu. Tangu siku hiyo nilijua jambo moja, na ndilo pekee nililolijua katika mchezo ule: watoto wale wakiondoka kwake, kaka yangu ataondoka nao.

Sasa mafahari wawili hawakai zizi moja. Masele, mnyapara wa kambi, alipoona watu wanakusanyika mahali ambapo yeye siye wa mbele, roho ikamuuma. Alikuwa kiongozi wa ngoma, mwenye sauti ya kusikika hadi Kalangalala, na hapendi kupitwa. Akachongesha rungu lake la mninga, akaokota watoto wa upande wa juu wa kambi, akawaambia nao ni timu. Timu zikawa mbili, basi ikabidi iwepo kamati, na mwenyekiti akawa Eustace, dresa wa zahanati, mfunga vidonda, kwa sababu alikuwa na saa ya mkononi.

Hiyo kamati, wee acha tu. Walianza kugombana nani ni mtoto. Masele alileta mchezaji ana masharubu. Eustace akaamua kwamba mtoto ni yule ambaye bado halipi kodi. Masele akajibu kwamba basi mpwa wake huyu ni mtoto kabisa, maana kila karani wa kodi akija anakimbilia porini. Wakazunguka hapo mpaka giza. Mara ya pili waligombania kama mpira ukidakwa na mbwa aliyepiga ametoka au hajatoka. Thobias aliulizwa padri alisemaje kuhusu mbwa. Akasema padri hakumtaja mbwa. Nilikuwa nawauzia maandazi, nikarudi nyumbani kichwa kinauma.

Katikati ya vurugu hiyo ikaja habari kutoka Mwanza: kuna misheni huko ina timu yake, na inaalika timu moja ya Geita wakati wa sikukuu. Moja, si mbili. Wakapambanishwa, watoto wa Thobias na wa Masele, na mchezo ukaisha kila upande umehesabu vyake na kila upande umeshinda. Wakapambanishwa tena, zikapigwa ngumi, na waliopigana ni wazazi.

Eustace akachoka. Akaitisha mkutano, akasema sisi ni watu wa kushindana tangu zamani, kwa nini tunasumbuliwa na hesabu za wageni? Kwetu Usukumani ngoma hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji huenda wanakovutwa. Jua likishuka, penye watu ndipo penye ushindi. Basi na mpira wa rungu uwe hivyo. Masele upande huu na watoto wake, Thobias upande ule na wake, kila mmoja acheze peke yake, na watu waamue. Atakayeshinda atawachukua watoto wote awe mwalimu wao peke yake. Na kiongozi akivuka kwenda upande wa mwenzake, amekubali kushindwa, kama ilivyo kwenye ngoma.

Kila mtu akaona ni akili. Ni Thobias tu aliyeinua mkono, akauliza timu mbili zitashindanaje bila kuchezeana. Walimtazama kama mtu anayeuliza maji yanalowanishaje. Nami, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeelewa kitu katika mchezo ule, nikamvuta shati akae chini.

Siku ilipofika, wali­kuja watu hata nisiowajua, wengine na vigoda vyao. Masele alileta ngoma mbili na mtu wa kuchezea chatu, na chatu mwenyewe alikuwa amelala tu, lakini ni chatu. Watu wakamiminikia huko. Upande wetu nilibaki mimi, beseni langu, na wazee wawili ambao nadhani walichoka kutembea. Thobias hakujali. Kiwiko juu, macho kwenye mpira. Nilimchukia kwa utulivu ule. Nilitamani aimbe, aruke, afanye lolote.

Kisha mambo yakageuka, na sikuyatazamia. Chatu hakuamka, watu wakamchoka. Huku kwetu mtoto mmoja, Tabu, akaupiga mpira ukapita juu ya bati la duka la Mhindi, na kelele zikawageuza watu shingo. Na kule kwa Masele akaingia kupiga msichana mdogo aitwaye Nyamizi. Akalishika rungu kwa kushoto. Alikuwa wa kushoto kabisa, kama Mihayo wetu. Wamama wakaguna, mzee mmoja akasema hiyo ni ndege mbaya, dalili ya mkosi, akachukua kigoda chake akavuka kuja kwetu. Wengine wakamfuata. Nilianza kuwahesabu, nikaacha, walikuwa wengi. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Tulikuwa tunashinda, nawaambieni, tulikuwa tunashinda, na mimi nilikuwa nimeshikilia rozari yangu ndani ya mfuko wa gauni.

Masele akaona uwanja unamkimbia. Akamnyang'anya Nyamizi rungu, akakata kipande cha kamba kwenye gunia, akamfunga ule mkono wa kushoto kiunoni, akamrudishia rungu ashike kwa kulia. Mtoto akaanza kulia. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ndivyo watu wacheka­vyo. Masele akamwambia apige.

Nikamwona Thobias ameacha kusema. Alisimama ameangalia kule, mpira mkononi. Nikajua uso ule, ndio ule wa kugeukia ukuta. Kisha akaweka mpira chini, akaanza kutembea. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kaka, nikamkumbusha sheria kwa sauti ambayo kila mtu alisikia. Akauvuka mstari wa katikati kama hauoni. Akapiga magoti mbele ya Nyamizi, akafungua ile kamba kwa meno maana fundo lilikuwa limekaza, akamwekea mkono wa kushoto juu ya rungu, wa kulia chini, akamwinua kiwiko. Akamwambia kitu ambacho hatukusikia. Akarudi nyuma akasimama.

Mtoto akapiga. Mpira ulikwenda mbali, kweli ulikwenda. Na watu wote waliokuwa kwetu, wajinga wale, wakakimbilia upande wa Masele kuangalia. Jua likashuka wako hukohuko.

Eustace akaangalia saa yake, akatangaza Masele ameshinda. Wapo waliobisha kwamba watu hawakumfuata Masele, walimfuata Thobias, kwa hiyo hesabu inakuwaje? Wengine wakasema Thobias alivuka, basi amekwisha. Walibishana huku wakitembea, na mpaka leo ukiwakuta waliobaki hai watakubishia. Lakini watoto walikwenda kwa Masele, na rungu la padri likaenda naye. Mwanza wakaenda na Masele. Hilo halina ubishi.

Mimi nilirudi na hasira, na hofu chini ya hasira. Nilipika ugali na mlenda nikiwa nagonga sufuria. Nilitaka kumkaripia, nikaogopa kwamba akinyamaza safari hii hatarudi. Nikambebea chakula, nikamkuta ameketi mbele ya jiko lake. Msumari ulikuwa mtupu. Kamba mbili zilikuwa kwenye moto, ile ya zamani na ile ya Nyamizi, zinaungua kwa moshi mbaya wa katani.

Nikakaa. Nikamuuliza kwa upole kama alikuwa ameisahau sheria.

"Sikuisahau," akasema. "Nilijua nawapoteza."

"Sasa kwa nini, kaka? Mtoto wa timu ya Masele yule."

Aliniuliza yeye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka mahali asipopajua. Alinitaka nimkumbushe Mihayo alikuwa anarusha mawe umbali gani. Lile jina, kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamwambia alikuwa anafikisha ng'ambo ya kijito, kwa ule mkono wake. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, ndiyo, ng'ambo ya kijito, na hakuna mtoto wa mkono wa kulia aliyefikisha. Niliweka sahani chini nikamshika kichwa kama tulipokuwa wadogo, na uso wake ukaniloweshea gauni.

"Sikumchelea kulia, Paskalia," akasema. "Nilimwacha akalia kila siku. Mbona sasa ninalia mwenyewe?"