Keki ya Arlys na Tairi za Wendell

Arlys Kjelstad alianza kuoka keki za harusi jikoni kwake, kaskazini mwa Minnesota, wanawe wakiwa wadogo. Alikuwa na mikono mipana kama ya mkata magogo, lakini ikishika mfuko wa krimu ilitoa mawaridi utadhani yamechumwa asubuhi hiyo. Kuoka hakukumtisha. Kilichomtisha ni barabara. Baridi ya kule huiacha lami imepasuka na kuumuka kila baada ya hatua chache, na keki ya ngazi tatu haina mifupa.

Jumamosi moja mwishoni mwa Mei alikuwa akimpelekea keki ya harusi Solveig, binti wa rafiki yake. Mumewe Wendell, mtu asiyeweza kuona kitu kizima bila kukitengeneza, aliamka mapema akajaza upepo tairi zote nne.

"Zilikuwa zimelegea tangu baridi," alisema huku akijipangusa mikono. "Leo utasinzia njiani, mama."

Hakusinzia. Alikaa kiti cha nyuma, amelikumbatia sanduku la keki, na kila walipopita ufa gari liliruka kama limechomwa sindano.

"Polepole, mzee!"

"Nitaenda polepole mara ngapi? Barabara mbovu."

"Barabara ni ile ile. Mwezi uliopita nilipita hapa na keki, halikutikisika hata ua moja."

Kabla Wendell hajajibu, wakafika darajani. Gari likadunda, ngazi ya juu ya keki ikateleza na kujibandika kwenye ukuta wa sanduku. Arlys alifungua kifuniko akachungulia. Mawaridi ya upande mmoja yalikuwa yamekuwa uji.

"Simama," alisema. "Njoo huku nyuma ushike wewe. Mimi naendesha."

Wendell hakubisha, aliijua sauti ile. Hawakufika mbali, ufa mwingine ukamrusha Wendell hadi kichwa kikagonga paa na kofia ikamfunika macho.

"Aisee! Hili gari au punda?"

"Ndiyo kwanza unalijua. Hebu niambie, ulijaza upepo ngapi?"

"Hamsini na moja. Imeandikwa ubavuni mwa tairi, sikubuni mimi."

Arlys aliingia kituo cha mafuta kilichokuwa mbele yao. Alipofungua mlango wa dereva ashuke, macho yake yalitua kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, kile ambacho wote wawili walikuwa wamekipita miaka yote. Upepo wa tairi: thelathini na tatu, mbele na nyuma.

"Wendell, njoo usome. Ile ya kwenye tairi ni mwisho wake, usiuvuke. Ya gari letu ni hii. Mkanda wako wa suruali nao una tundu la mwisho, lakini hatukukuambia ulifikie."

"Nililifikia Krismasi," alisema Wendell, na Arlys, aliyekuwa amekusudia kununa hadi jioni, akaangua kicheko.

Wendell akachuchumaa na suti yake, akaanza kupunguza upepo, tairi baada ya tairi. Ya kwanza ilipokaribia arobaini Arlys alimzuia.

"Acha thelathini na saba. Saa hizi zina moto, zikipoa zitashuka zenyewe. Kesho asubuhi, kabla gari halijatoka, utapima tena."

Kutoka hapo gari lilikanyaga nyufa kwa upole, na Wendell alishika sanduku bila hata kupumua vizuri.

Ukumbini Arlys alisimamisha ngazi ya juu, akaziba pengo kwa krimu aliyobeba ya akiba, kisha akachomeka vishada vya maua ya rangi ya zambarau kutoka kichaka cha uani mwa ukumbi. Bado palipoharibika palionekana. Solveig alipoingia na gauni lake jeupe, Arlys alimweleza ukweli wote, pamoja na punda.

Bibi harusi akacheka hadi akashika meza. Akachovya kidole kwenye upande ulioharibika, akalamba. "Shangazi, upande huu msimkatie mtu. Ni wangu."

Muziki ulipoanza Arlys alimtafuta mumewe wacheze, hakumwona. Alimkuta nje kwenye maegesho, amepiga magoti kando ya gari la mchungaji, kipimo cha upepo mkononi.

"Mama, huyu naye amejaza kupita kiasi!"

"Mwache mchungaji wa watu," Arlys alisema, akamshika mkono na kumvuta ndani.