Spika imeita "Tabasamu", mama yangu akakosa daktari wa macho

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi humu ni wa kusoma tu, kuandika naona aibu na vidole vyangu ni vizito. Ila hili limenikuta mwenyewe, siongezi kitu.

Natokea Mabamba, Kibondo. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kaka yangu yuko Moshi, akamuombea nafasi kwa daktari bingwa anayefika pale siku moja tu halafu anaondoka.

Mgongo wa mama hauwezi basi la safari yote hiyo. Kaka akatukatia ndege ya bei nafuu, Kigoma hadi Dar, halafu kuunganisha hadi Kilimanjaro. Kampuni ni moja. Jina silitaji, sitaki kesi.

Tukalala Kasulu kwa mama mdogo, alfajiri tukashuka Kigoma.

Ndege ilikuwa ya asubuhi. Tukaambiwa "delay kidogo". Hicho kidogo kikafika mchana, na hakuna aliyekuja kutueleza kitu. Mama alikuwa hajala, anaogopa kutapika angani.

Dar tulishuka mbio, nimemshika mkono. Kumbe na ile ya pili nayo imechelewa, bado ipo! Nikamwonyesha dada wa kaunta tiketi. Hata hakuinua uso.

"Kaka kaeni, mtaitwa."

Tukakaa. Kumbe mlango wa kupandia wameubadilisha, sisi hatujui.

Sasa sikilizeni wakuu. Jina letu ni Ntibashima. Kwetu sisi Waha ni jina la kawaida tu, maana yake "hawashukuru".

Spika ikaita, "Abiria Tabasamu, abiria Tabasamu, mwito wa mwisho."

Mama akacheka. "Huyo alizaliwa siku ya furaha."

Nami nikacheka. Tukaendelea kusubiri jina letu.

Niliporudi kaunta, yule dada akasema, "Ndege imefunga. Tumewaita mkakaa."

"Mmetuita nani?"

Akasoma kwenye karatasi. "Nta... Taba... Majina yenu magumu bwana. Nyie Warundi?"

Mama akajibu yeye.

"Mwanangu, na Mrundi akilipa nauli si anapanda?"

Watu wa nyuma wakacheka. Dada akatupangia ndege ya kesho jioni. Pole hatukupewa, wala maji.

Kaka alitupokea Kilimanjaro kesho yake, nikajua kwa uso wake kabla hajasema. Daktari alishaondoka mchana. Hajulikani atarudi lini.

Hapo ndipo panaponichoma wakuu. Wamechelewa wao, wamebadilisha mlango wao, jina wamelivunja wao, halafu mwenye kosa ni mimi niliyekaa kama nilivyoambiwa!

Nilichojifunza: ukiambiwa "kaa utaitwa", usikae. Simama hapo hapo mbele yao, wakuone mpaka wachoke. Aibu yangu nimeiacha pale kaunta.

Wakati wa kurudi, pale pale Dar, spika ikamwita mtu mwingine kabisa, jina la Kizaramo. Mama akasimama na kifurushi chake, akapiga kelele, "Tupo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikamvuta nguo, mama kaa, si sisi.

"Acha wacheke," akasema. "Mimi siwaoni."

Wakuu, kuna mahali mtu anaweza kulalamika akasikilizwa? Na wenye majina kama yetu, huko mnaitwaje?