Vidonge Viwili Viwili

Wanawake wenzangu, kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu zangu. Nilikuwa nikikusanya chumvi Gongoni tangu alfajiri, na mdomo nao haukupumzika. Shida yetu ilikuwa moja: kule ni tambarare nyeupe, hakuna hata kichaka cha kujisitiri. Basi maji hatunywi, na mkojo tunaubana mpaka jioni.

Mkojo ukianza kuchoma, tunagawana dawa. Kadzo, shoga yangu wa kazini, akipewa vidonge vya rangi mbili zahanati, anameza viwili, ananipa viwili, na mwingine viwili. Maumivu yakipungua tunajiona madaktari. Nilifanya hivyo mara nne mwaka ule, tena nikijisifu roho nzuri.

Kisha nikapata mimba, baada ya miaka sita ya kuitwa tasa. Mimba ilipofika miezi sita, mkojo ukarudi kuchoma kama pilipili. Safari hii zahanati nilipewa dawa kamili, nikazimeza zote. Wapi! Mkojo ukatoka na damu, ukanuka. Ubavu ukawaka, nikatapika, nikatetemeka hadi meno yakagongana, na ilikuwa saa sita mchana juani. Tumbo likaanza kukaza. Niliogopa hata kuchuchumaa, nikidhani mtoto anatoka.

Mume wangu, Karisa, akanipeleka hospitali mjini. Wakachukua mkojo, wakaotesha vijidudu vyake, wakavijaribu kwa dawa moja moja. Siku ya tatu daktari akaja na karatasi.

“Mama, dawa hizi vijidudu vyako vimeshazizoea. Zamani ulizitumia vipi?”

“Viwili viwili, daktari. Tuligawana.”

“Basi mliua vile dhaifu tu. Vile vikali mkavibakisha.”

Akasema imebaki dawa moja tu, ya sindano, ya kuchomwa siku saba. Itaviua, lakini huenda ikaharibu masikio ya mtoto. Nisipochomwa, figo zitaoza na mtoto hatafika siku zake.

Karisa akanitazama. “Wewe ndiwe mwenye tumbo. Sema.”

Nikasema, “Choma.” Jamani, neno lile! Siku saba nilichomwa makalioni, na kila sindano nilimwomba mtoto msamaha.

Homa ikashuka. Mtoto akazaliwa, wa kike, viungo vyote salama. Lakini sikuthubutu kumpima masikio. Mtu akimwita, namgeuza haraka nisione kama amesikia. Nilikuwa mwoga hivyo, nasema wazi.

Kadzo alipokuja kuniona akaomba viwili, maana mkojo ulimchoma. Nikamshika mkono mpaka zahanati, nikamwambia amalize zote hata akipona kesho. Nanyi nawaambia hivyo hivyo: kunyweni maji, mkojo msiubane, na dawa ya mwenzio usiiombe.

Asubuhi moja mama mkwe akaanza kutwanga mahindi nyuma ya nyumba. Pigo la kwanza tu, mtoto akashtuka, akatupa mikono juu, akalia. Nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu na yule daktari, machozi yakinitiririka.

Mama mkwe akaja mbio, mchi mkononi. “Masikini, nimemwamsha?”

“Twanga, mama,” nikamwambia. “Twanga tena.”