Vidole Vinne vya Kiti cha Trekta

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka chai inapoa mkononi kabla sijainywa. Nakuita mwanangu, na usinicheke. Najua sina mvi. Sijafika hata miaka thelathini na tano, na bado naota ndoto za mchana kama msichana wa shule. Lakini uzee wa kazi hauhesabiwi kwa mvi. Kwenye kiti cha trekta mimi ni mzee wako, na Jumatatu ukija kujifunza nataka uwe umeshayasoma haya.

Mambo yenyewe yalitokea mwaka ule kikundi chetu cha mwethya kilipopata trekta ndogo. Mwethya unaujua: leo tunachimba terasi kwako, kesho kwangu, na nyimbo juu. Mama zetu walikuwa wamechoka na jembe, na ng'ombe wengi walikuwa wamekufa na kiangazi. Basi ilipokuja ile trekta, nyekundu, fupi, upana wake kama mkokoteni wa punda, watu wa Muthetheni walitoka sokoni kuitazama. Kikundi kikasema mtu mmoja afundishwe kuiendesha. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini mdomo ninao. Nikainua mkono kabla swali halijaisha.

"Huyu mfupi hivi?" mama mmoja akauliza. "Si ataonekana kofia peke yake?"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini lile neno liliingia moyoni likakaa. Mwanangu, mzaha ni kama mwiba wa mgunga. Unaukanyaga ukicheka, jioni ndiyo unaanza kuchechemea.

Mwalimu wetu alikuwa Mutiso, fundi kutoka Mumbuni, mrefu kama mlingoti, mtu mpole sana. Siku ya kwanza alinipandisha kwenye kiti akaniuliza, "Miguu inafika?"

Nikakanyaga klachi. Ncha ya kidole gumba iligusa. Nikisukuma zaidi, mgongo unaachana na kiti na matako yanateleza mbele. Chini ya kiti kulikuwa na wenzo wa kukisogeza, huo niliuona. Niliuvuta mara moja kwa siri ukakataa, umejaa vumbi. Ningesema tu, "Mwalimu, hiki kiti hakisogei." Maneno manne. Lakini wale mama walikuwa wamesimama pale, na nilishasikia kicheko chao kabla hakijatoka.

"Inafika," nikasema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha nikadhani nimezaa, kwa sababu siku tatu tulijifunza kwenye uwanja ulio sawa na hakuna kilichoharibika. Nilijitafutia dawa yangu: gunia lililokunjwa, naliweka mgongoni, linanisukuma mbele. Kwa kuwa nilikaa ukingoni mwa kiti, mkanda nao haukunikaa vizuri, kwa hiyo sikuufunga. Unaona jinsi uongo mmoja unavyozaa? Mutiso alipoliona gunia aliuliza ni la nini, nikamwambia mgongo unauma. Huo ukawa wa pili.

Siku ya nne tukaenda kwa Susu. Susu ni nyanya yangu, mama yake mama, aliyenilea. Shamba lake liko upande wa mlima, limekatwa terasi kama ngazi. Kila terasi ni nyembamba, na ukingoni kuna mteremko wa kumfika mtu kifuani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na mvua ya Oktoba haingoji mtu. Mutiso alinitazama nikilima mstari mmoja, akaridhika. Dizeli ilikuwa inaelekea kwisha, kwa hiyo akapanda boda boda kwenda kuleta mtungi.

"Endelea na hii terasi peke yake," akaniambia. "Usiache plau ikining'inia hewani, hizi mashine ukizima plau inashuka yenyewe. Na hakikisha hakuna mtu nyuma yako. Hata kuku."

"Sawa, mwalimu."

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu, maana msiba wote ulitaka kupitia hapo. Tangu zamani hapa tunapanda nyuma ya plau. Mmoja anaongoza ng'ombe, mmoja anashika plau, na mwanamke anafuata kwenye mtaro na karai la mbegu, hatua mbili nyuma, anadondosha mahindi na ndengu na kufunika kwa mguu. Susu alifanya hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo trekta iliponguruma kuanza mstari wa pili, nikageuka, nikamwona yuko kwenye mtaro na karai lake, leso ya buluu yenye maua imefungwa kiunoni, tayari.

"Susu, Mutiso amesema mtu asikae nyuma."

"Mutiso amepanda mahindi lini?" akanijibu. "Nilifuata plau kabla mama yako hajazaliwa. Twende, mvua inakuja."

Ningemwambiaje atoke kwenye shamba lake? Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea. Niliona ni adabu kunyamaza. Mwanangu, kuna adabu na kuna woga uliovaa nguo za adabu. Siku ile sikujua kuvitofautisha.

Tukaenda. Kwenda mbele hakuna shida. Shida iko mwisho wa terasi. Ng'ombe mkifika mwisho mnawazungusha, wanageuka taratibu. Trekta haina nafasi ya kugeuka hivyo. Unainua plau, unaenda mbele kidogo, unarudi rivasi, unaenda mbele tena. Nilipofika mwisho nikaona mbele yangu hakuna kitu ila hewa na vilele vya miti ya terasi ya chini. Nikainua plau, nikakanyaga klachi kwa ncha ya kidole, nikaweka rivasi, nikaanza kurudi kidogo kidogo nikitazama ule mteremko wa mbele. Nilikuwa naogopa kile ninachokiona. Hatari ilikuwa mgongoni.

Gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo dogo. Trekta ikaruka. Gunia likachomoka mgongoni pangu, nami nikateleza nyuma mpaka mwisho wa kile kiti kirefu. Mguu ukaacha klachi, rivasi ikashika.

Trekta ikarudi nyuma yenyewe.

Si kwa kasi. Ndiyo maana inanitisha mpaka leo. Ilirudi kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Nikageuza shingo. Susu alikuwa ameinama kwenye mtaro, anaokota mbegu zilizomwagika, kilemba chake kimeelekea kwangu. Alisikia injini inamkaribia lakini hakuinua kichwa. Kwa nini ainue? Maisha yake yote, plau ilikuwa ikienda mbele. Ng'ombe hawarudi nyuma.

"Susu! Susu!"

Akainua uso. Chuma cha plau kilikuwa usawa wa kifua chake. Akaangusha karai, akainua kiganja, akapiga ile sauti aliyokuwa akiwapigia ng'ombe wake, Kamanda na Waziri, enzi zao: "Ungama! Ungama, we!" Simama. Aliiambia trekta isimame.

Na mimi juu pale, mwanangu, natafuta klachi kwa mguu na mguu unapiga hewa. Natafuta breki, napiga hewa. Nilishika usukani kwa mikono miwili kana kwamba nikiubana sana itasimama. Akili yote ilikimbia. Kilichobaki ni neno moja la Mutiso la siku ya kwanza: ukichanganyikiwa, zima. Sijui mkono wangu ulipata wapi nguvu za kuachia usukani. Nikageuza ufunguo.

Kimya.

Ng'ombe wa jirani akalia mbali. Nikatazama nyuma, na sikumwona Susu.

Alikuwa ameanguka kwa makalio ndani ya mtaro, miguu yake chini ya plau. Ncha ya plau ilikuwa imetoboa leso yake, na kwa kuwa injini imezimwa, ile plau niliyoiacha hewani ilikuwa inashuka. Polepole. Kama mtu anayeketi. Nikaruka chini nikamshika mabegani nikavuta, leso ikamshikilia. Fundo la kiunoni lilikuwa gumu, la mwanamke anayefanya kazi. Vidole vyangu vilikuwa kama vya mtoto.

"Usinivute mimi," Susu akasema, sauti chini kabisa. "Pasua nguo."

Nikaitia meno. Nakwambia ukweli, niliitia meno. Ikachanika, Susu akajikokota nyuma, akavuta mguu wa kushoto, halafu wa kulia. Ncha ya plau ikaingia kwenye udongo mahali ulipokuwa mguu wake wa kulia, ikazama na kipande cha leso, ikatulia.

Nikalia. Wahenga husema majuto ni mjukuu, na siku ile mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, nimepiga magoti kwenye mbegu zilizomwagika.

Susu hakunipiga wala hakupaza sauti. Ningetamani angenipiga. Alikaa akipumua, akijipapasa miguu kama anaihesabu. Halafu akaniuliza, "Kwa nini hukuisimamisha?"

"Mguu haufiki, Susu."

"Tangu leo?"

"Tangu Jumatatu."

"Na huyo mwalimu anajua?"

"Aliniuliza. Nikamwambia inafika."

Kisha akasema maneno ambayo ningeyaandika kwenye kila trekta ya Ukambani kama ningekuwa na rangi. "Kamanda alikuwa ng'ombe, lakini alijua niko nyuma. Nikianguka, anasimama mwenyewe. Huyu wako hajui chochote. Hajui kama mimi ni mtu ama ni jiwe. Wewe ndiye wa kujua kwa niaba yake. Sasa ukikaa hapo juu na uongo, nani anajua?"

Mutiso alirudi na mtungi wake wa dizeli. Aliona leso chini ya plau, akaona Susu amekaa na mguu wazi, mtungi ukamtoka mkononi. Nilimwambia yote, pamoja na la mgongo kuuma. Hakunigombeza pia. Alisema, "Makosa yako, na yangu pia. Nilikuuliza kwa mdomo, sikutazama goti kama limebaki na mkunjo." Kisha akainama chini ya kiti, akapuliza vumbi, akagonga wenzo kwa jiwe mara moja, akauvuta. Kiti kikateleza mbele bila hata kulia.

Susu akaja akichechemea, akaweka mkono wake pale kiti kilipokuwa na pale kilipofika. Vidole vinne. Akaviinua tukaviona.

"Hii ndiyo ilikuwa bei ya miguu yangu," akasema.

Nilitaka kwenda nyumbani nisirudi tena. Susu akakataa. Akaniambia nipande, nifunge mkanda, nimalize terasi. Yeye akaenda kukaa kwenye ukingo wa juu, mbali, na karai lake. "Ukimaliza shamba lote na ukizima hiyo kitu, ndiyo nitashuka kupanda," akasema. Mwanamke aliyefuata plau zaidi ya miaka hamsini alibadilisha mwendo wake asubuhi moja. Mimi nilishindwa kubadilisha kiti.

Nilipanda, nikafunga mkanda, nikalima. Kila mwisho wa mstari niligeuza shingo mara mbili, na nilipohakikisha ameketi juu kule, ndipo niliporudi rivasi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kabla ya kuwasha, jirekebishie kiti mpaka uweze kukanyaga klachi na breki hadi mwisho huku mgongo wako umegusa kiti na mkanda umefungwa. Kikikataa kusogea, sema. Sema mbele ya watu, wacheke washibe, maana mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho kingekuwa cha matanga ya Susu. Mtu akisimama nyuma yako, hata awe mama, hata awe mchungaji, zima injini na umwombe atoke. Asipotoka, usiwashe, adabu ni kumrudisha nyumbani na miguu yake yote. Usirudi nyuma bila kugeuza shingo. Na kabla ya kushuka, laza plau chini kwanza. Woga ukikushika, usiufukuze wote. Bakisha kidogo, ukae nao kwenye kiti. Mimi ninao mpaka leo, na ndio umenilinda.

Ukija Jumatatu utaona kitambaa cha buluu chenye maua kimefungwa kwenye wenzo wa kiti. Ni ile leso. Nami nitakuuliza, "Miguu inafika?" Usinijibu kwa mdomo. Kanyaga, nione goti.

Siku ile jioni Susu aliniita, akanitemea mate kidogo kifuani, baraka za kikwetu, ingawa sikuwa nimestahili hata maji. Nami nakupa zile zile, mwanangu. Mashamba utakayolima yazae. Mkono wako uupate ufunguo upesi siku ya shida. Na kila unayemwacha nyuma yako asubuhi, umkute jioni amesimama kwa miguu yake miwili.